Matonge Kumi na Moja

Mdogo wangu Nortei alikuwa bingwa wa taifa wa ngumi za ridhaa, uzito wa kilo hamsini na saba, miaka mitatu mfululizo, na katika miaka hiyo mitatu sikumbuki siku hata moja aliyoshiba. Watu waliona medali. Mimi niliyeishi naye nilimwona mtu anayenusa chakula, anafumba macho, anaondoka. Na mimi ni muuza kenkey. Alfajiri nafunga madonge ya mahindi kwenye maganda yake, sufuria linachemka mpaka ua mzima unanukia, na bingwa wa taifa anapita pembeni amejifunga nailoni mwili mzima katika joto la Accra, anakwenda kukimbia apunguze uzito.

"Dada Dedei," ananiambia, "siku moja utaniua kwa harufu."

"Basi hama."

Hakuwa na pa kuhamia, na wote wawili tulijua. Mtaani kwetu Bukom mwanamume mzima halali nyumba ya wanawake. Sisi tunakaa kwetu na watoto, wanaume wanakaa kwao ng'ambo ya uchochoro, jioni tunawavushia chakula na maisha yanaendelea. Nortei alilala kwenye mkeka nyuma ya jiko langu kwa sababu Baba alimfukuza nyumba ya wanaume. Vijana wa mtaani hawakumwacha apumue. "Bingwa! Leo umechambua pilipili ngapi?" Anapita, anatabasamu, mikono mfukoni. Nilikuwa naichukia ile mikono mfukoni kuliko kitu chochote.

Mikono hiyohiyo ndiyo iliyomtoa kwa Baba. Baba yetu, Mzee Laryea, ujanani alikuwa mpiganaji wa ufukweni, mtaa kwa mtaa, ngumi kavu, hakuna glavu wala mwamuzi. Ngumi za Nortei aliziita ngumi za hesabu. "Unampiga mtu halafu unangoja karani aandike?" Hata hivyo walikaa vizuri tu, mpaka siku ya kofia.

Siku hiyo Sowah, bondia wa mtaa wa pili, uzito uleule wa Nortei, alibishana na Baba pale uwanjani juu ya kiti, kiti tu, nani alikaa kwanza. Akamvua Baba kofia, akaitupa mtaroni. Nortei alikuwa hatua tatu kutoka hapo. Bondia aliyesajiliwa akimpiga mtu barabarani anafutwa kwenye daftari la chama, hachezi tena. Sowah alilijua hilo, ndiyo maana alimkenulia meno. Uwanja mzima ukamgeukia Nortei. Nortei akatia mikono mfukoni. Kisha akaingia mtaroni, akaitoa kofia, akaiosha kwa sabuni, akaianika, jioni akampelekea Baba ikiwa safi.

"Kofia nimeiona," Baba akasema. "Ngumi sijaiona."

Akaitundika kofia msumarini, asiivae tena, na mkeka wa Nortei akautoa nje. Miaka miwili hawakusemezana. Baba ni jabali, na huyu mwingine ni mtoto wa jabali, nami nilikuwa nikivuka uchochoro na masufuria yangu katikati yao kama mjinga.

Kisha Baba akapooza upande wa kulia. Mdomo ukaenda upande, mkono wa kulia ukafa kabisa. Kwetu mkono wa kushoto hauli na watu wala haumpi mtu kitu. Mtoto mchanga akiunyosha anapigwa kikofi. Ikabidi wanawake tumlishe Baba kwa kijiko, yeye aliyewahi kuangusha wanaume watatu jioni moja. Vijiko vitatu, anafumba mdomo. Ukimbembeleza anageukia ukuta. Akakonda, shingo ikabaki mishipa. Muuguzi aliniita pembeni akaniambia waziwazi kwamba asipokula hatamaliza mwaka. Nililia palepale mlangoni, sikujali nani ananiona.

Hivyo ndivyo tulivyoingia mwezi ule wa kimya kabla ya Homowo, sikukuu yetu ya mavuno, ngoma zote zimefungwa kwa mila, hata kengele ya ukumbi wa mazoezi Kocha Tagoe ameiviringishia kitambaa. Nortei alikuwa akijifua kwa kishindo cha miguu tu. Kulikuwa na mchujo wa kuteua timu ya taifa kwenda michezo ya bara, na uzito wa hamsini na saba ulikuwa na nafasi moja. Watu wawili tu walikuwa wamebaki, Nortei na Sowah. Ungemwona mdogo wangu wiki zile ungeogopa. Alikuwa ameingoja ile siku miaka miwili, siku ya kumkuta Sowah mahali ambapo kupiga ni halali.

Alhamisi kabla ya Homowo, nikimfuta Baba uso, akanishika kwa mkono wake mzima.

"Mwambie yule kijana," akasema, maneno yakitokea upande mmoja. "Jumamosi aje. Ale kwenye bakuli."

Nilidhani sijasikia vizuri. Bakuli la Homowo ni la wote, mkubwa na mdogo, mikono yote ndani pamoja, na asiyetia mkono wake amesema mbele ya walio hai na waliokufa kwamba hajasamehe. "Atakuja, Baba," nikasema. "Atakula mpaka akombe." Nikamjibia mtu mzima bila kumuuliza. Sikuona tatizo. Kupima uzito kulikuwa Jumanne, na kati ya Jumamosi na Jumanne bondia anaweza kutoa chochote.

Ijumaa ikaja habari kwamba ukumbi wa mchujo umepata shughuli nyingine. Kupima uzito sasa ni Jumapili, saa moja asubuhi, na pambano siku hiyohiyo.

Jumamosi asubuhi Kocha Tagoe alimpandisha Nortei kwenye mizani ya ukumbini. Alikuwa hajanywa maji tangu juzi, midomo imepasuka. Hamsini na saba na gramu mia nne.

"Mia nne zitatoka kwa jasho na usingizi," Kocha akasema. "Lakini usile kitu. Wewe na kocha wako wa kenkey, mmenisikia? Hata mate yako usimeze."

"Kuna bakuli la Baba," Nortei akasema.

Kocha ni Mga, kabila letu sisi, anajua maana ya bakuli. Alikaa kwenye ukingo wa ulingo, akajishika kichwa. "Basi danganya," akasema hatimaye. "Mungu anisamehe. Mikono ishirini kwenye bakuli moja, nani atahesabu?"

Tukapanga njiani. Atakaa ubavuni mwangu. Atatia mkono, atautoa mtupu, atalamba vidole, na mimi nitakula mara mbili. Kudanganya kwenye bakuli la wazee si mchezo.

Mchana nyumba yote ilikusanyika ua wa wanaume. Bakuli likawekwa chini, kpokpoi, unga wa mahindi uliopikwa kwa mvuke, ya manjano kwa mawese, mchuzi wa mbegu za michikichi juu yake, vichwa vya samaki vimechomoza. Nortei alivuka uchochoro kwa mara ya kwanza tangu atolewe mkeka. Baba alikuwa ameketishwa kwenye kigoda, ameegemezwa mto. Hakumtazama mwanawe usoni. Alimtazama mkono.

"Huo wa kulia," akasema. "Bado unao?"

"Ninao, Baba."

"Wangu umekufa. Na wa kushoto siwezi kuutia kwenye bakuli hili." Alipumua. "Sitaki kijiko. Sitaki wanawake. Njoo ukae hapa. Leo wewe ndiye mkono wangu."

Nortei akanitazama. Nafasi niliyomwekea ubavuni mwangu ikabaki wazi. Akaenda, akapiga magoti karibu na Baba, akanawa, akatia mkono kwenye bakuli. Mkono uleule. Akafinyanga tonge, akalipeleka mdomoni mwa Baba, na Baba akatafuna polepole, mawese yakimchuruzika upande uliopooza. Akameza.

"Sasa wewe," Baba akasema.

"Baba, kula kwanza."

"Moja langu, moja lako. Sili na mtu asiyekula."

Watu wakacheka, mikono ikaingia bakulini, kelele zikaanza. Mimi sikucheka. Nortei alifinyanga tonge dogo, kama la kumpa mtoto. Baba akaliona.

"Hilo ni la kuku. Kama langu."

Akala. Nilimwona koo likipanda na kushuka. Mtu ambaye hakuwa amekula tangu Alhamisi, unajua tonge la kwanza linamfanya nini? Machozi yalimtoka, na wengine wakadhani ni ya mapatano.

La pili la Baba, la pili lake. La tatu. Vijiko vitatu ndipo Baba alipokuwa akifumba mdomo kila siku, kwa hiyo baada ya la tatu nilishusha pumzi. Baba akafungua mdomo tena. La nne. Shangazi Korkor akapiga vigelegele. "Jamani, anakula! Mzee anakula!" La tano, la sita. Muuza kenkey anajua uzito wa tonge kwa kuliangalia. Gramu hamsini, hazipungui. Nilikuwa nahesabu moyoni huku shangazi zangu wanacheza, na kwa kila tonge nilifurahi na kuumia kwa pamoja, mpaka nikataka kumpiga mtu.

La nane, Baba akaegemea mto, akafumba macho. Asante Mungu, nikasema. Nikamkonyeza Nortei: acha, inuka, nenda. Alikuwa ameniona. Angeweza kunawa mikono, na hakuna ambaye angemlaumu.

Baba akafumbua macho. "Samaki yuko wapi?" akauliza. "Au mmepika mchuzi wa kutazamwa tu?"

Ua ukaangua kicheko. Nikatikisa kichwa kumwambia Nortei hapana, waziwazi, bila kujificha. Yeye akachambua samaki, akatoa mfupa mmoja mmoja, akachanganya, akampa Baba. Kisha akala lake. La tisa, la kumi, la kumi na moja. Hapo ndipo Baba aliposema ameshiba, na alipolala, alilala akikoroma kama zamani.

Jioni, ukumbini, Kocha alipoona mizani hakutukana. Alivaa viatu tu. Ngoma zilikuwa zimefunguliwa, mtaa mzima umemwagika nje, na mdogo wangu alikimbia katikati yao na nailoni zake, Kocha mbele, mimi nyuma na taulo. Walevi walimshika wacheze naye. Mama mmoja alimmwagia ndoo ya maji kwa furaha, na Nortei, ambaye hakuwa amekunywa siku tatu, alifumba mdomo yasiingie.

Jumapili alfajiri, wakati kila nyumba inawalilia wafu wake wa mwaka, sisi tulikuwa njiani kwenda ukumbi wa mchujo. Sowah alikuwa amekwisha kupimwa, yuko ndani ya uzito, amekaa anamenya ndizi. Nortei akavua kila kitu, akapanda. Hamsini na saba na mia tatu. Wakampa saa moja. Aliruka kamba mpaka jasho likagoma kutoka. Alitema mate kwenye kikombe. Kocha akamnyoa nywele zote kwa wembe, zikaanguka sakafuni, mimi nikazitazama nikizitaka ziwe nzito kama chuma. Akapanda tena. Msimamizi akasukuma kile kipande cha mizani kwa kidole, taratibu, akakirudisha, akakisukuma tena. Wala hakuwa mtu mbaya.

"Hamsini na saba na mia na hamsini," akasema. "Muda umekwisha."

Basi. Hakuna ngumi iliyopigwa. Sowah alimaliza ndizi yake akawa ndiye timu ya taifa.

Njiani nilimwambia Nortei tumdanganye Baba kwamba pambano limesogezwa mbele, Baba asife kwa uchungu. Nortei alitikisa kichwa. Akanywa maji yote ya chupa, akaenda moja kwa moja nyumba ya wanaume, akakaa chini karibu na kigoda cha Baba. Baba alishangaa kichwa kile kisicho na nywele, lakini wageni walikwisha kuanza kumiminika. Ndiyo siku yenyewe ya kuzungukia nyumba, kushikana mikono na kutakiana uzima, na mwenye ugomvi nawe lazima umfuate.

Ndipo Sowah akaingia.

Alikuwa na shati jeupe na mjomba wake nyuma yake. Wanaume wote wa nyumba yetu walisimama. Nilikuwa na sinia mikononi, na naapa nilipima umbali wa kichwa chake.

"Pokea uzima, Mzee," Sowah akasema, macho chini. "Mwaka uende, urudi utukute. Ile kofia... nilikosa. Na leo sikutaka nipate nafasi kwa mizani. Nilitaka kupigana naye."

Akanyosha mkono wake wa kulia. Baba akautazama. Kisha akamgeukia Nortei.

"Mizani gani?"

Mkono wa Sowah ulikuwa bado uko hewani.

"Mtu kaja na uzima mkononi," Baba akasema. "Mimi mkono wangu huyo hapo chini. Simama, umpokelee."

Nortei alisimama. Nilikiona kile kiganja kinavyojikunja kuwa ngumi, nikaona mshipa wa shingo. Pua ya Sowah ilikuwa karibu kabisa, na Sowah hakurudi nyuma hata kidogo, nampa hilo. Miaka miwili ya mkeka nyuma ya jiko langu ilikuwa imesimama pale. Kisha vidole vikafunguka kimoja kimoja, na Nortei akaushika ule mkono.

"Baba amepokea," akasema.

Sowah alipoondoka, Baba akawatoa wengine wote kwa jicho, nikabaki mimi kwa sababu mimi huwa siondoki.

"Umezidi kiasi gani?"

"Gramu mia na hamsini."

"Hizo ni nini? Mimi sikusoma."

Mimi ndiye niliyesema, kwa hasira, kwa sababu nilikuwa nimezibeba tangu jana. "Ni matonge matatu, Baba. Angeacha kwenye la nane, sasa hivi angekuwa anajiandaa kumpiga Sowah."

Baba akamgeukia Nortei. Jicho lake moja lilikuwa likilia lenyewe siku zote tangu ugonjwa, sasa yote mawili.

"Ulijua?"

"Nilijua."

"Kwa nini hukuacha?"

"Ulikuwa bado unakula, Baba."

Nje watu walikuwa wakiimba, mtu anagonga chupa kwa kisu. Baba akanyosha kidevu kuelekea ukutani.

"Niletee ile kofia."

Nortei akaitungua msumarini, akapuliza vumbi la miaka miwili, akamvisha. Ilimwingia hadi masikioni, alivyokuwa amekonda. Nilitoka nje nikalilia jikoni kwangu, na kenkey ya siku ile iliungua.

Baba aliishi Homowo mbili zaidi. Nortei alirudisha mkeka nyumba ya wanaume na akawa ndiye anayemlisha, asubuhi na jioni, kwa masharti yaleyale, moja langu, moja lako. Kufikia mwaka uliofuata bingwa wetu alikuwa na kilo sitini na sita. Alijaribu kwenye uzito huo wa juu, akakutana na watu warefu kuliko yeye, wakampiga, akaacha. Sasa anabeba katoni za samaki wa barafu bandarini, tumbo limemtangulia, na bado anapita jikoni kwangu alfajiri, ila siku hizi anasimama na kunyosha mkono.

Vijana wa ukumbini hupenda kumuuliza, wakimwonyesha picha yake ya zamani ukutani, kwa nini bingwa wa miaka mitatu hakwenda kwenye michezo ya bara.

"Nilikuwa nakula na baba yangu," anawaambia, na anaendelea kutafuna.